Sakafu Kwanza, Tairi Baadaye: Namna ya Kuchagua Matairi ya Drifti kwa Gari la Rimoti

Trafiki akikukuta na tairi kipara barabarani, andaa maelezo. Kwenye drifti ya magari ya rimoti, yaani mchezo wa kuliserereshа gari kwa ubavu kwenye kona, mambo yamegeuka: kipara ndicho tunachokitafuta, tena kipara cha plastiki ngumu. Mgeni wa mchezo huu akishika tairi la drifti kwa mara ya kwanza huligonga mezani, likalia ko-ko-ko, akadhani amepewa kipande cha bomba. Wakati mwingine ni kipande cha bomba kweli, na huko tutafika.

Maelezo haya yanahusu hasa magari ya kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari la kweli, kwa sababu ndiyo yenye matairi ya aina nyingi sokoni. Mwenye gari dogo zaidi nitamgusia njiani.

Kwa nini plastiki na si mpira

Gari la kweli la drifti lina mamia ya nguvu za farasi, na linahitaji mpira unaoshika ili nguvu hizo zisiishie hewani. Letu lina uzito wa kilo moja na nusu hivi na mota ndogo ya umeme. Ukilivalisha mpira laini wa mashindano ya kasi, litaing'ang'ania lami, na ukilazimisha kona litabinuka. Tairi gumu huliachia gurudumu lizunguke haraka kuliko gari linavyosogea, na hapo ndipo mkia unapotoka na gari kuanza kuserereka kwa ubavu.

Drifti ilipovuma Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mashindano ya D1 Grand Prix, wenye magari ya rimoti walitaka kuiga. Kabla ya maduka kujaa matairi maalumu, watu walizungushia tepu ngumu juu ya mpira au kuvalisha rimu vipande vya bomba la PVC. Baadaye kampuni kama Yokomo, Tamiya na HPI zikatoa matairi ya plastiki yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Msingi haujabadilika tangu siku hizo za tepu.

Ila hapa wengi hupotea. Wanadhani tairi bora ni lile linaloteleza kuliko yote. Tairi linaloteleza kupita kiasi hulifanya gari lielee: mkia unatoka vizuri, lakini gari haliendi mbele, na kona moja inakula nusu ya ukumbi. Linaloshika kupita kiasi nalo linakulazimisha uvute triga, ile ya kuongezea mwendo kwenye rimoti, hadi mwisho ndipo mkia utoke, kisha linakamata ghafla, gari linanyooka na kukimbilia ukutani, huku mota na betri vikichemka. Unachotaka ni tairi ambalo triga ikiwa katikati, gari linaserereka kwa utulivu, na bado una nusu nyingine ya triga ya kuamulia mambo. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza na cha mwisho. Mengine yote yanakitumikia hicho.

Hatua ya kwanza: isome sakafu

Usinunue chochote kabla ya kujua utaendeshea wapi. Tairi lilelile linaloimba kwenye lami litakuwa takataka kwenye marumaru. Wauzaji wa ng'ambo huandika kwenye pakiti kwamba tairi ni la zulia, la lami au la P-tile, yaani vile vigae vya plastiki vilivyotandikwa kwenye kumbi nyingi za mchezo huu kule Japani. Sisi hatuna P-tile. Tuna sakafu zetu, na inabidi tuzitafsiri wenyewe.

Niru ndiyo sakafu ninayoipenda kuliko zote. Saruji iliyopigwa niru vizuri, ile ya barazani au ya godauni, ni tambarare, haina viungo, na mshiko wake uko katikati. Ubaya wake ni vumbi. Niru iliyochakaa hutoa unga mwembamba wa saruji unaokaa chini ya tairi kama poda ya mtoto, na mtu akidhani tairi lake ni bovu kumbe anaendesha juu ya unga. Fagia, kisha pitisha tambara lenye unyevu, kisha subiri pakauke. Kwa niru safi, anza na tairi la ugumu wa kati. Kwa niru yenye vumbi ambalo huwezi kulimaliza, sogea upande wa linaloshika zaidi.

Marumaru, au tailizi kwa wanaoziita hivyo, zina sura mbili ambazo watu huzichanganya. Zile zinazong'aa kama kioo hazina mshiko kabisa kwa plastiki ngumu. Ukivalisha HDPE, plastiki ya mabomba meusi ya maji, ni kama umemwaga mafuta ya nazi ukumbini. Zile zenye uso mkavu wa mikwaruzo, za veranda na za bafuni, hushika zaidi na hula tairi polepole. Kwa zinazong'aa tafuta kampaundi laini, yaani mchanganyiko laini wa plastiki, ile inayouzwa kwa ajili ya P-tile, maana ndiyo sakafu ya karibu zaidi kitabia. Na zote mbili zina adui mmoja: mistari ya viungo. Kiungo kilichozama milimita moja tu kinatosha kukamata ukingo mkali wa tairi. Najua kwa sababu niliwahi kukata pete za bomba nikaona uvivu kuziviringisha kingo. Kona ya pili tu gari lilinasa kwenye kiungo, likabinuka, na kioo cha pembeni cha bodi sijakiona hadi leo.

Terazo ya majengo ya zamani, shule na ofisi, iko kati ya niru na marumaru inayong'aa. Kama inapigwa nta kila wiki, ihesabu kuwa marumaru. Kama nta imeisha zamani, ihesabu kuwa niru. Tena omba ruhusa kwanza, kwa sababu baadhi ya kampaundi laini huacha michirizi myeusi ambayo mfanya usafi ataikumbuka kwa jina lako.

Lami inataka plastiki ngumu kuliko zote. Kokoto zake huchimba tairi, ndiyo maana hata plastiki inayoteleza sana hupata mshiko hapo. Tairi laini kwenye lami litashika mno, tena litaisha mapema. Jua la saa saba nalo lina sehemu yake: lami iliyochemka huilainisha plastiki kidogo, na gari litashika tofauti na ulivyoliacha asubuhi. Ukiweza, endesha jioni.

Pevingi achana nazo. Kila pengo ni pigo kwenye mikono ya chasisi, na hakuna tairi litakalokuokoa.

Zulia jembamba la kumbi za maonyesho linafaa, na kumbi nyingi za Ulaya zinalitumia. Linataka tairi gumu kwa sababu nyuzi zake hushika. Zulia nene la sebuleni halifai. Nyuzi zitazungukia ekseli, na kuzichomoa kwenye beringi ni kazi ya jioni nzima.

Kama bado una shaka na sakafu yako, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Vaa soksi, kimbia hatua tatu, uteleze. Ukisimama papo hapo, hiyo ni sakafu ya tairi gumu. Ukiteleza zaidi ya urefu wa mlango, tafuta kampaundi laini. Ukianguka, umepata jibu la haraka zaidi. Kisha pangusa kiganja sakafuni ukitazame: unga mweupe ukionekana, ufagio unatangulia tairi.

Hatua ya pili: lijue gari lako

Hapa napita upesi, maana ni vipimo tu. Magari mengi ya 1/10 ya barabarani hutumia kiunganishi cha pembe sita cha milimita 12, rimu na tairi za upana wa milimita 26 hivi, na tairi la drifti likiwa limevalishwa huwa na kipenyo cha nje cha milimita 61 hadi 63. Rimu za drifti huandikwa kipenyo cha milimita 52 kwenye mdomo. Usiamini maandishi; azima vernia kwa fundi ujipimie rimu yako. Nusu milimita inaamua kama tairi litavaa kwa kusukuma au litazunguka peke yake huku rimu imesimama.

Kisha jiulize linavutwa na magurudumu mangapi. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, kama Yokomo YD-2 au MST RMX, huendeshwa kwa msaada wa jairo, kidude kinachogeuza usukani upande wa pili mkia unapotoka. Katika gari hili matairi ya mbele na ya nyuma hufanya kazi mbili tofauti: ya nyuma yanasukuma na kuteleza, ya mbele yanaelekeza tu. Unaweza kuyachanganya, na baadaye nitaeleza lini.

Gari la magurudumu yote manne, kama Tamiya TT-02D, ni jambo jingine. Mbele na nyuma zimefungwa pamoja kwa shafti, kwa hiyo tofauti ya kipenyo cha tairi inageuka kuwa mvutano ndani ya gia. Nunua matairi manne ya aina moja, yavae siku moja, yaishe pamoja. Na wewe uliyebadilisha gia ili nyuma izunguke haraka kuliko mbele, fahamu kwamba tairi la mbele likipungua milimita 2 kati ya 62, umebadilisha uwiano wako kwa asilimia 3 bila kugusa gia hata moja.

Wenye magari madogo, kwa mfano WLtoys K969 au Kyosho Mini-Z za kipimo cha 1/28, matairi yenu ni ya familia nyingine na hayaingiliani na haya. Uzuri ni kwamba sakafu inasomwa vilevile, ila kwenu hata kiungo cha marumaru ambacho sisi hatukioni ni mtaro.

Hatua ya tatu: plastiki na plastiki zinatofautiana

PVC ndiyo babu yao. Inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, inakatika kwa urahisi, na inashika supa gluu. Mshiko wake uko juu kidogo ya HDPE. Inapiga kelele kwenye marumaru na kuacha unga, na ikipata joto jingi kwenye lami inalegea na kupoteza uduara.

HDPE, ile ya mabomba meusi ya maji yenye mistari ya bluu, ina hali ya nta ukiipapasa. Inateleza kuliko PVC, haipasuki ikigonga ukuta, na hailiwi ovyo. Kwa lami na niru iliyokwaruza ni mali safi.

POM, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Delrin, ni ngumu, inateleza na inadumu. Mafundi wa kukereza huwa nayo kama fimbo za kutengenezea bushi. Ukipata kipande chenye unene wa kutosha, tairi lake litakaa muda mrefu sana, ila kutoboa fimbo nzima ili upate pete ni kupoteza plastiki ya bei kubwa.

Halafu kuna kampaundi za viwandani, ambazo kila kampuni inachanganya kwa siri yake. Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa sababu namba za ugumu za kampuni moja hazilingani na za nyingine. "Hard" ya huyu inaweza kuwa laini kuliko "Medium" ya yule. Usilinganishe maandishi, linganisha sakafu iliyoandikwa kwenye pakiti. Na ukiwa na tairi mkononi, bonyeza ukucha ukingoni. Ukucha ukiacha alama inayorudi taratibu, hilo ni la sakafu inayong'aa. Usipoacha kitu, ni la lami au zulia.

Kuna dhana kwamba gumu maana yake linateleza. Mara nyingi ni kweli, lakini si kanuni. PVC ni ngumu kuliko HDPE ukiibonyeza, na bado HDPE ndiyo inayoteleza zaidi. Aina ya plastiki inahesabika kuliko ugumu wake.

Umbo nalo usilisahau. Tairi lenye uso bapa linagusa sakafu kwa upana wote na linashika sawasawa. Lenye uso wa mviringo linagusa kidogo, linavuka viungo vya marumaru bila kunasa, na tabia yake haibadiliki sana unapoinamisha gurudumu. Kwa sakafu yenye viungo nachukua la mviringo bila kujadiliana na mtu.

Hatua ya nne: kununua au kukata bomba

Ukinunua mtandaoni, matatizo huwa mawili. La kwanza ni matairi ya mpira yenye michoro ya kupendeza yanayotangazwa kuwa ya drifti. Hayo ni mapambo ya kabatini. La pili ni kipimo: picha ni ya 1/10, kifurushi kinafika na tairi za kuvalisha kidole. Tafuta kwenye tangazo namba tatu, 1/10, milimita 26 na milimita 12 za kiunganishi kama unanunua pamoja na rimu. Ikikosekana moja, muulize muuzaji kabla ya kulipa. Agiza seti mbili za kampaundi moja badala ya seti moja ya kila aina. Nafuu ya kuagiza vitu vinne tofauti ni ya siku ile tu pakiti inapofunguliwa.

Kama usafirishaji unakuzidi bei, bomba si aibu. Huko Marekani watu wamekuwa wakikata bomba la inchi 2 la schedule 40 kwa miaka, kwa sababu ya bahati nzuri ya vipimo: nje milimita 60.3, ndani milimita 52.5, karibu sawa na rimu. Sisi mabomba yetu ni ya milimita, na kuna moja linalotufaa. Ni HDPE ya milimita 63 yenye maandishi PE100, SDR 11, PN 16. Unene wake wa ukuta ni milimita 5.8 au zaidi kidogo, kwa hiyo ndani inabaki milimita 51.4 au pungufu kidogo. Yaani linabana kwenye rimu ya 52, na kubana ndiko tunakotaka. Lile la PN 10 la milimita 63 lina ukuta mwembamba wa 3.8, ndani 55.4, litapwaya na kuhitaji mizunguko mingi ya tepu. Soma maandishi ya ubavuni kabla fundi wa duka hajakata.

Usichukue kipande kutoka kwenye roli. Bomba lililokunjwa huwa la yai, na tairi la yai hurukaruka. Omba kipande kilichonyooka, hata mabaki ya fundi bomba yanatosha: mita moja inatoa pete zaidi ya thelathini.

Zungusha karatasi yenye ukingo mnyoofu kwenye bomba na uchore mstari kuifuata, ndipo ukate kwa msumeno wa chuma upana wa milimita 27. Ile moja ya ziada ni ya kusawazisha: tandika msasa juu ya kioo au marumaru, laza pete, sugua kwa mzunguko hadi pande zote mbili ziwe bapa. Kama kuna fundi wa kukereza jirani, mpe kazi ya ndani: aongeze tundu hadi lipungue robo milimita tu chini ya kipimo cha rimu yako, na apitishe kisu juu kidogo ili pete iwe duara kamili. Mwombe pia aviringishe kingo zote kwa milimita moja hivi. Nimeshasema kilichonipata nilipopuuza.

Ukitumia PVC, usiichome wala kuinyoosha kwa moto wa jiko. Moshi wake una asidi na unachoma mapafu. Vumbi lake vilevile. Vaa barakoa na ufanyie kazi nje.

Hatua ya tano: kuvalisha

Tairi la plastiki halitanuki kama mpira. Litie kwenye maji ya moto, si yanayotokota, kwa dakika tatu au nne. Rimu iache nje ya maji. Likitoka, lisukume juu ya rimu ukilibana kwa ubao bapa juu na chini, usipige nyundo. Likipoa litakuwa limekamata. Kama linapwaya kidogo, zungusha tepu ya pande mbili mara moja kwenye rimu, safi bila mikunjo. PVC unaweza kuidondoshea supa gluu sehemu nne. HDPE usihangaike nayo, gundi hiyo haiishiki; itegemee kubana kwenyewe, au kwaruza rimu kwa msasa kabla ya kuvalisha.

Sasa chukua kalamu ya kuandikia sidii na uchore mstari mmoja unaoanzia kwenye rimu na kuvuka hadi kwenye tairi. Baada ya betri ya kwanza, tazama. Mistari ikiwa imeachana, tairi linazunguka juu ya rimu, na yote uliyokuwa unalaumu kwenye jairo au mota hayakuwa na kosa.

Inua gari, vuta triga kidogo, tazama magurudumu kwa ubavu. Yanayoyumba yarudishe kwenye maji.

Hatua ya sita: kuliamsha tairi

Tairi jipya la kiwandani lina ngozi inayong'aa iliyoachwa na kalibu. Hadi ngozi hiyo itoke, mshiko wake ni wa uongo. Watu wengi huhukumu tairi katika dakika tano za mwanzo, wakalitupa. Endesha betri moja au mbili kwenye sakafu yenyewe, au lisugue kwa msasa mwembamba wenye maji hadi mng'ao upotee. Ukilisugua, lisugue kwa kuzungusha gurudumu, si kwa kukwaruza upande mmoja.

Baada ya hapo, badilisha kulia na kushoto kila siku ya kuendesha. Katika gari la magurudumu ya nyuma, matairi ya mbele mara nyingi huinamishwa nyuzi 6 hadi 8 kuelekea ndani, kwa hiyo huisha kwa ndani tu na kugeuka umbo la faneli. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni moja kuwa faneli na jingine duara.

Usafi ni tambara kavu, au lenye maji likichafuka sana. Petroli na tina usizisogeze karibu. Wala dawa ya kung'arishia dashibodi, hata kama rafiki anakwambia inapendezesha.

Hatua ya saba: duara, kisha nane

Weka chupa ya maji katikati. Zunguka ukiwa umeserereka, umbali wa mita moja na nusu kutoka kwenye chupa, kwa triga ya nusu. Mwambie mtu akurekodi kwa simu na uhesabu sekunde za mizunguko mitano. Rudia upande wa pili. Usiguse springi, usiguse jairo, usibadilishe chochote isipokuwa tairi, na kila jaribio lianze na betri iliyojaa.

Gari likipanuka na kuikimbia chupa hata ukipunguza triga, pua haishiki: tairi la mbele linateleza mno au limekuwa faneli upande usiofaa. Likizunguka lenyewe na kukutazama, mkia hauna mshiko wa kutosha, au jairo umeiweka chini mno. Likiserereka kwa kukatikakatika, linakamata na kuachia, kamata na kuachia, tairi linashika kuliko sakafu inavyotaka, au kuna mavumbi ya mabaka. Na likizunguka vizuri lakini kwa sekunde nyingi kuliko wenzako, hapo unalo tairi linaloteleza sana, na picha za simu zitakudanganya kwa sababu linapendeza.

Ukiridhika, weka chupa mbili umbali wa mita nne na uchore nane. Nane inafichua kile duara linachoficha: ile nukta ya katikati gari linapohamia upande wa pili. Tairi zuri linahama kwa mkupuo mmoja. Tairi baya linasita, linanyooka, kisha linaamua.

Hapa ndipo mwenye gari la magurudumu ya nyuma anaweza kuchanganya. Kama nyuma umeridhika na pua haitii, weka mbele kampaundi inayoshika zaidi kidogo. Hatua moja tu. Ukiruka hatua mbili, pua itakamata na mkia utapita mbele yake. Kinyume chake, tairi linaloshika zaidi nyuma, hulifanya gari lisukume kwa nguvu na kwenda mbele upesi, jambo zuri kwenye ukumbi mkubwa na baya kwenye baraza la mita sita.

Kabla ya kuamua peke yako

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba unaendesha peke yako. Lakini utamu wa drifti ni kufukuzana wawili wawili, bodi ya Mark II ikiwa imelalia mlango wa Chaser, zile Toyota tunazozijua kwa kuzipanda sasa ziko ukubwa wa mkono. Hilo haliwezekani kama mmoja amevaa HDPE na mwingine kampaundi laini. Mmoja atamwacha mwenzake, au atamgonga kila kona. Ndiyo maana kumbi nyingi za nje huchagua tairi moja na kulilazimisha kwa wote. Mwenye mota kali na mwenye mota ya kawaida wote wanabanwa na utelezi uleule.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizia wenzako wanavaa nini. Kama ndio mnaanza, kaeni watu wanne, chagueni sakafu moja, nunueni kipande kimoja cha bomba na kukata pete kumi na sita kutoka humohumo, pamoja na za akiba. Si tairi bora duniani, lakini mtakuwa sawa. Binafsi naona pete za bomba zilizolingana kwa watu wanne zinashinda matairi ya Japani kwenye gari moja kati ya manne.

Andika tarehe ndani ya kila pete kwa kalamu ileile ya sidii, na jina la sakafu. Seti ya lami isirudi kwenye marumaru: imeshika vijiwe vidogo ambavyo huvioni, na vitachora sakafu ya watu. Pima unene kwa vernia kila baada ya siku kadhaa za kuendesha. Tairi la nyuma likikaribia kulingana na mdomo wa rimu, livue siku hiyohiyo, kwa sababu kinachofuata ni rimu yenyewe kugusa marumaru za ukumbi mlioazimwa, na sauti yake husikika hadi chumba cha mlinzi.